Magunia Kwenye Upenu

Pak Senik, yaani Mzee Senik kwa lugha ya kijiji chake, alikuwa hawezi kupita nyumba ya mtu bila kuinua kichwa. Wengine wakipita kwa jirani hutazama mlango kama uko wazi, au jiko kama linafuka moshi. Yeye alitazama upenu, pale paa linapouvuka ukuta na kuning'inia nje, na akishaona alichokiona alitema mate pembeni na kuendelea na safari yake. Kijiji kizima cha Pauh Sebatang kilijua maana ya mate yale, na wenye nyumba walijifanya hawakuyaona.

Alikuwa seremala wa mapaa, mwembamba, amekauka kwa jua, kitambaa amekizungusha kichwani ovyo ovyo, na mdomo wake ulikuwa mkali kuliko patasi yake. Kazi yake yote unaweza kuieleza kwa pumzi moja. Chini ya upenu, pande zote nne za nyumba, aliacha mwanya wa vidole vitatu, akaugongomelea wavu mwembamba ili popo na ndege wasiingie. Juu kabisa, kwenye ile pembetatu ya mbao inayoziba paa mbele na nyuma, alipanga vibao vilivyolala kiupande, vyenye nafasi katikati. Hewa inaingia chini, inapita juu ya dari, inalikomba joto la bati na kutoka nalo juu. Chumbani haiingii hata chembe. Jambo hili alikuwa amewaeleza wanaume wa mgahawani miaka na miaka, kwa sauti ya mtu anayemfundisha mbuzi kusoma, na wanaume walitikisa vichwa, wakamaliza kahawa, wakaenda nyumbani kuziba.

Waliziba kweli. Haji Seman aliziba kwa sababu wavu si kitu cha heshima. Akabandika mbao zilizochongwa maua juu ya mwanya wote. Zilipendeza sana. Tangu siku hiyo Haji alishinda barazani na mto wake, akiwaambia wageni kwamba siku hizi anapenda kutazama barabara. Mwalimu mkuu yeye hakuziba kwa mbao. Alipaka nyumba rangi kila mwaka kabla ya Idi, na hakubagua, alipaka na wavu, tabaka juu ya tabaka, mpaka matundu yote yakafa. Kisha akanunua feni, maana umeme ulikuwa umefika kijijini mwaka ule na kila mwenye nyumba ya moto alikimbilia feni.

"Feni!" Senik alisema mgahawani, mwalimu mwenyewe akiwa meza ya pili. "Mtu ana sufuria inachemka jikoni. Badala ya kufunua mfuniko, anaipepea."

"Pak Senik, punguza basi," mwenye mgahawa alimwambia. "Mwalimu anakusikia."

"Akisikia ndiyo vizuri. Labda leo atajifunza na yeye."

Wazee wa zamani, alisema, walikuwa wajinga vilevile, ila walikuwa na bahati. Paa lao lilikuwa la makuti, na makuti yanapitisha hewa yenyewe hata mwenye nyumba akiwa hamnazo. Bati halina huruma hiyo. Bati lataka mtu mwenye akili chini yake, na watu wa namna hiyo, kwa hesabu ya Senik, hawakutosha kujaza mkeka mmoja.

Nyumba moja tu aliipita bila kutema mate, na hiyo aliijenga mwenyewe kwa ajili ya binti yake Jamnah alipoolewa. Jamnah alikuwa mtoto wake wa pekee, aliyemlea peke yake baada ya mama yake kufariki. Alimjengea nyumba ya mbao juu ya nguzo, bati jipya, dari ya plaiwudi iliyonyooka kama meza, na upenu ambao aliukata kwa miezi miwili kama mtu anayefuma zulia. Siku ya kuikabidhi, mama mkwe wa Jamnah, Mak Eson, mama mnene mwenye sauti, alisimama uani akauangalia ule mwanya kwa muda mrefu.

"Mkwe," aliuliza, "mbao zilikwisha?"

Watu walicheka. Senik hakucheka. Alikusanya vifaa vyake akaapa kwamba hakanyagi pale tena mpaka aitwe kwa jina. Hakuna aliyemfukuza, lakini kiapo alikila na akakishika, maana kushika kinyongo kulikuwa kazi yake ya pili.

Na yule mume! Rosdi alikuwa karani wa ghala la mpunga, kijana mzuri wa sura, mpole, na kwa maoni ya Senik, kichwa kitupu. Alikuwa na ndege mmoja, tetere wa kushindanishwa kuimba, na huyo tetere ndiye aliyekuwa bwana wa nyumba. Kila asubuhi Rosdi alimpandisha kwa kamba na kapi mpaka juu ya mlingoti mrefu uani, tundu limevikwa nguo iliyodariziwa, ili apate upepo mzuri, sauti isimkauke. Alimsemesha. Alimtafutia mtama wa kuchagua. Senik akiuona ule mlingoti kutoka barabarani aligeuza shingo upande mwingine.

Jamnah alijifungua mtoto wa kike mwezi wa jua kali, mpunga umekwisha kuvunwa na mashamba yamepasuka. Siku hiyo moja Senik aliitwa, akasimama mlangoni wakati mtoto akiadhiniwa sikioni, akaona unyayo mdogo mwekundu ukitoka kwenye nguo, akarudi kwake. Kisha zikaanza siku arobaini na nne za uzazi, kama ilivyo kawaida. Mkunga Bibi Songah alimfunga mzazi kitambaa kirefu tumboni, akamkanda kwa jiwe la moto lililozungushiwa majani na nguo, akaweka trei ya makaa chini ya kitanda. Wali na samaki mkavu wa kuchoma na pilipili manga, basi. Maji baridi hapana. Madirisha yafungwe, upepo usimpate. Kwa hayo Senik hakuwa na neno. Wanawake wamefanya hivyo tangu enzi za makuti, na mzazi mwenyewe hutoka jasho akapona.

Siku ya tatu Derih, muuza samaki, alifika mgahawani na baiskeli yake huku akicheka.

"Pak Senik, siku hizi mnafuga bundi kwa Jamnah?"

"Bundi gani?"

"Sijui. Nimepita pale, upenu mzima umejaa magunia. Magunia, matambara, makumbi ya nazi. Yametokeza nje kama mtu aliyekula asimalize kutafuna. Hata kule juu kwenye vibao vyako wamebandika mkeka."

Mwalimu mkuu alikunywa kahawa yake polepole sana, kwa raha.

"Mak Eson huyo," Senik alisema. "Sikusema mimi? Yule mama akiona tundu lazima aweke kitu. Na mdomo wake mwenyewe haujui kuuziba."

"Si uende ukawaambie?" Derih aliuliza. "Bati na jua hili, na makaa chini ya kitanda. Huko ndani kutakuwaje?"

"Watanifuata. Wakishaiva watanifuata wenyewe."

Akacheka, na wengine wakacheka naye kwa sababu alikuwa anawatazama. Akakaa. Hilo lazima lisemwe waziwazi: mtu aliyejua kuliko wote pale kijijini kinachotokea chini ya bati lililozibwa saa saba ya mchana, alikaa mgahawani siku tatu, akicheza dama na kungoja aombwe. Siku ya nne alisema, "Bado hawajaja?" Siku ya tano alisema vilevile. Alikuwa na furaha fulani chafu moyoni, ya mtu anayeona wajinga wakilipia ujinga wao, na hakujiuliza ni nani hasa aliyelala chini ya dari ile.

Siku ya sita Derih alikuja hana kicheko.

"Mtoto hanyonyi tangu alfajiri," alisema. "Mwili mzima umetoka vipele vya joto. Jana alikuwa analia, barabara nzima inamsikia. Leo nimesimama pale kupima samaki, kimya. Bibi Songah yuko ng'ambo ya mto kwa mzazi mwingine."

"Kimya vipi?"

"Kimya, Pak Senik. Amelegea."

Senik aliinuka akaiacha dama ilivyo. Alipita kwake, akachukua ngazi, akaiweka begani, akaenda mbio kwa miguu ya mtu wa miaka sitini na kitu, jua likiwa utosini.

Rosdi alikuwa uani, ameketi chini ya mlingoti, kichwa ameinamisha. Juu yake tetere alikuwa anayumba kwenye upepo na kuimba vizuri kabisa.

"Baba," Rosdi alisema akisimama. "Afadhali umekuja. Nilitaka kukufuata, lakini Jamnah alinikataza, aliniapisha—"

"Ndege unajua kumpandisha penye hewa," Senik alimwambia. "Mke na mtoto umewafunikia gunia. Kama kichwa chako kina kitu ndani, ni mtama. Nipishe."

Mak Eson alikuwa amekaa kwenye ngazi za nyumba, macho mekundu, anajipepea kwa upindo wa mtandio wake.

"Mkwe, sikiliza kwanza—"

"Nimekusikiliza ulipouliza kama mbao zimekwisha. Zilitosha, mama. Zilizopungua ni akili. Hongera, umemaliza kazi yangu. Umeziba kila tundu, sasa kaa hapo ule matunda yake."

Mak Eson alifungua mdomo akaufunga tena. Ilikuwa mara ya kwanza watu kumwona hivyo, na Senik aliihesabu kuwa ni ushindi.

Aliegemeza ngazi upande wa chumba cha mzazi akapanda. Alipoweka kiganja kwenye ubao wa upenu alikiondoa upesi. Akashika gunia la kwanza kwa pembe akalivuta. Lilitoka kwa shida, na nyuma yake ikampiga hewa usoni, nzito, ya moto, yenye harufu ya utomvu wa mbao uliochemka. Ilimbidi afumbe macho.

"Nani huyo?" Sauti ilitoka nyuma ya ukuta wa mbao, karibu kabisa na magoti yake, imekauka. "Nani anagusa upenu?"

"Ni mimi, baba yako. Tulia. Natoa uchafu aliokutilia mama mkwe wako."

"Usitoe!" Kitanda kililia. "Baba, usitoe, nakuomba! Rosdi! Mshike Baba, mteremshe!"

"Jamnah, mnapikwa humo ndani."

"Bora nipikwe. Rudisha ulichotoa. Rudisha!"

"Mwanangu, hii hewa haiingii chumbani. Inapita juu ya dari—"

"Upepo ni upepo! Unajua kujipenyeza. Na Mama mkwe usimseme, hana kosa. Siku tatu anakaa kwenye ngazi ananiomba nikubali yatolewe. Mimi ndiye niliyetaka. Rosdi alikataa, nikalia mpaka akapanda."

Senik alitazama chini. Mak Eson alikuwa amesogea kwenye kona ya nyumba, anamwangalia. Hakuonyesha kufurahi hata kidogo.

"Wewe?" Senik aliuambia ukuta. Kwa mazoea tu, ile dharau yake ikaja mdomoni. "Wewe, mtoto wa seremala? Ujinga huu nani kakutia kichwani?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Nilikuwa na miaka saba. Nilikuuliza Mama alikufa kwa nini. Ukaniambia ni upepo. Siku ya sita baada ya kunizaa mimi upepo ulimwingia, jioni akafa. Umesahau? Mimi sijasahau. Leo ni siku yangu ya sita, Baba. Acha ipite. Kesho uyatoe yote."

Kesho. Ndani mtoto alitoa sauti ndogo, kama mlango unaosogezwa, kisha hakutoa tena.

Senik alibaki kwenye ngazi na gunia mkononi. Kijiji kilisema upepo, ndiyo. Mwanamke akifa kwenye uzazi, kijiji husema upepo, na mambo yanaishia hapo, hakuna wa kuulizwa. Yeye alikuwa amelipokea neno hilo kama mtu anayepokea sadaka. Miaka ishirini na nne alikuwa akiwacheka wanaume wanaoogopa mwanya wa vidole vitatu, na muda wote huo kifo cha mkewe alikuwa amekitupia upepo uleule uliokuwa unampa mkate wake. Katika wapumbavu wote aliowatemea mate kijijini, hakuna hata mmoja aliyekuwa amedanganya kwa kujua. Haji Seman aliyaamini maua yake. Mwalimu aliiamini rangi yake. Alijiona, pale juu, kwenye jua, na alichokiona kilimchukiza kuliko nyumba yoyote aliyowahi kuipita.

Angeweza kuyang'oa magunia kwa nguvu. Lakini Jamnah angemwamrisha Rosdi ayarudishe akishaondoka, na Rosdi angeyarudisha.

"Haukuwa upepo," alisema.

"Baba, usinidanganye ili nikubali."

"Nilikudanganya wakati ule. Sasa sidanganyi. Ilikuwa damu. Mama yako alivuja damu tangu alfajiri, mkunga akasema apelekwe hospitali, kwa gari. Mimi nilikuwa Kubang Resak, kwenye nyumba ya tajiri mmoja wa mpunga. Gari lilikuwa lake, lilikuwa chini pale, nalitazama. Walikuja kunifuata asubuhi. Nikasema, nimalize upande huu."

Nyuma ya ukuta kitanda kililia tena.

"Wakaja tena adhuhuri," Senik alisema. "Nikasema zimebaki mbao mbili. Nilijua wanawake hupiga kelele kwa kila kitu. Ndivyo nilivyosema, mbele ya watu: wanawake hupiga kelele. Nilipoteremka nikaomba gari, nikapewa. Nikamkuta amekwisha."

"Ulikuwa unafanya nini huko juu?" Jamnah aliuliza.

"Kazi."

"Kazi gani?"

"Upenu," alisema. "Nilikuwa nakata upenu."

Rosdi alikuwa ameishika ngazi kwa chini, kwa mikono miwili, anatazama ardhi. Mak Eson alikuwa ameweka kiganja mdomoni.

"Toa," Jamnah alisema hatimaye. Sauti yake ilikuwa ya kawaida sasa, na hiyo ndiyo iliyomuumiza. "Yatoe yote, Baba. Ukishamaliza, nenda zako."

Akatoa. Alitoa magunia, alitoa saruni kuukuu za Rosdi, alitoa makumbi ya nazi yaliyoshindiliwa kwa ngumi. Rosdi alimsogezea ngazi bila kuambiwa, upande kwa upande, na Mak Eson aliingia ndani akatoa ile trei ya makaa mwenyewe, akaja kuimwaga uani. Senik alipopanda mbele na kuubandua mkeka kwenye vibao vya juu, joto lilitoka lote kwa pamoja na kumpita mashavuni, na nyuma yake akasikia hewa ya nje ikivutwa kuingia kwenye mianya ya chini, kote kuzunguka nyumba. Alikaa pale akisikiliza. Hakusikiliza hewa. Baada ya muda mrefu mtoto alilia, kilio cha kweli, cha hasira, kisha kikakatika ghafla.

"Amekamata ziwa!" Mak Eson alimpigia mwanawe kelele kutoka ndani. "Rosdi! Amekamata! Ananyonya!"

Rosdi aliiachia ngazi akakimbilia ndani. Senik aliteremka peke yake, polepole, akikitafuta kila kipandio kwa mguu. Mikono yake ilikuwa imechubuka. Akaikunja ile takataka yote pamoja, akaifunga kwenye gunia moja.

Mak Eson alitoka na glasi ya maji akampa.

"Kunywa, mkwe. Umelowa jasho."

Senik aliishika glasi asinywe. Alitazama dirisha la chumba, ambalo mtu wa ndani alikuwa amelifungua kidogo.

"Hajasema neno jingine?"

Mak Eson aligeuka akalitazama dirisha na yeye, kisha akamtazama mkwe wake. Alikuwa na kila haki ya kumcheka.

"Bado," alisema.

Akanywa maji, akarudisha glasi, akabeba ngazi yake akaenda.